Mtoto Ana Kwao

Leo twapenda kunena neno ambalo huenda litawaudhi watu wengine, na katika hao watakuwamo marafiki zetu. Walakini yafaa linenwe, maana jambo lenyewe ni la watoto, na mtoto hana wa kumtetea barazani ila sisi tulio wakubwa. Twanena juu ya nyumba za kulelea watoto zilizojengwa mjini Arusha na pembezoni mwake, chini ya Mlima Meru. Shauri letu ni hili: kazi ya kulea imetolewa mikononi mwa jamaa na mtaa, ikatiwa nyuma ya ukuta na geti, na fedha inayotumika kumtoa mtoto kwao ingefaa zaidi kama ingetumika kumkalisha kwao.

Tuanze na habari tuliyoiona kwa macho. Miaka michache iliyopita tulikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne, mtoto wa mtaa mmoja wa Unga Limited. Mama yake alikwenda Mererani kutafuta riziki, na habari zake zikakatika. Baba hakujulikana aliko. Mtoto alikaa na bibi yake, muuza mboga sokoni Kilombero. Sare yake ilikuwa na viraka, na saa ya chakula cha mchana alikuwa akienda kukaa nyuma ya darasa peke yake, maana mchango wake wa chakula haukulipwa. Siku moja hakuja, wala siku ya pili, wala ya tatu. Tulipokwenda nyumbani, bibi alitukaribisha kigoda, akatuambia, “Mwalimu, nimempeleka mahali anapopata kula. Sikumtupa.” Neno hilo la mwisho alilirudia mara mbili.

Tulikwenda kumtazama katika nyumba ile aliyopelekwa. Kweli alikuwa amenenepa, na miguuni alikuwa na viatu vipya. Lakini hakutuuliza habari za shule wala za wenzake. Alituvuta kando, akauliza kwa sauti ndogo, “Bibi ni mzima?” Tukamwuliza, “Mbona wanong'ona?” Akajibu kwamba amekatazwa kuwaambia wageni kuwa anaye bibi. Wageni walipokuja na kamera zao siku ile, aliimba pamoja na wenzake, akapigwa picha, akaitwa yatima.

Tulirudi tukipiga hesabu njiani: sare moja, madaftari, mchango wa chakula, na pishi chache za unga kwa mwezi. Hesabu ya miezi kadhaa haikufika bei ya kitanda kipya na godoro alilolalia mtoto yule. Fedha ya kumnunulia kitanda katika nyumba ya wageni ilipatikana kwa urahisi. Fedha ya kumlisha kwa bibi yake haikupatikana. Hapo ndipo tulipoanza kuuliza maswali.

Swali la kwanza: yatima ni nani? Katika mwaka 1976 au mwaka huu, kwa Mwarusha au Mmeru au Mchaga au Mswahili wa pwani, mtoto aliyefiwa na wazazi wake huwa na shangazi, na mjomba, na babu, na baba mdogo. Mtoto asiye na mtu kabisa yuko, lakini si wengi. Shirika la Save the Children lilichapisha habari mwaka 2009 kwamba katika nyumba za watoto ulimwenguni, watoto wasiopungua 4 katika kila 5 wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Basi hao si mayatima, bali ni watoto wa maskini. Na umaskini hauponywi kwa kumwondoa mtoto na kumwacha mama yake na njaa ile ile.

Swali la pili: sheria yasemaje? Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, yasema katika kifungu cha 7 kwamba mtoto ana haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, isipokuwa mahakama ikiona kwamba kukaa nao kutamdhuru. Haisemi kwamba haki hiyo hukoma sare ikichakaa. Tena kifungu cha 94 chatwika serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kustawisha watoto wa eneo lao. Na kifungu cha 95 chamtaka mtu ye yote mwenye habari kwamba haki za mtoto zavunjwa azipeleke kwa serikali hiyo. Wajibu huo hakupewa mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro juzi. Tumepewa sisi, na baraza zetu, na wenyeviti wetu wa mitaa. Kama tumelala, si ajabu mgeni akatufanyia kazi, naye akaifanya apendavyo yeye.

Hatuwezi kusema haya bila kutazama chanzo cha taabu. Zamani watu wa mlimani, Waarusha na Wameru, walikaa juu ya shamba la migomba na kahawa, na kijana alipotahiriwa aliingia katika rika lake, akawa na wazee wa kumwonya na ndugu wa kumsaidia. Lakini mashamba ya chini yalitwaliwa na walowezi tangu siku za Wajerumani na kuendelea siku za Waingereza, na mashamba ya juu yakagawanywa baina ya wana, na wana wa wana, mpaka kipande cha mmoja hakitoshi kumlisha. Vijana wakashuka mjini. Wakaja na wengine kutoka Singida, na Kondoa, na Kilimanjaro, na Babati. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 617,631. Katika miaka 10 waliongezeka watu zaidi ya 200,000, na wengi wamejaa Sombetini, Muriet, Olasiti, Sokon, na mitaa mingine ya jinsi hiyo. Watu hawa hawakuja na rika wala na wazee wao. Mama aliyepanga chumba kimoja, akitoka alfajiri kwenda kuuza na kurudi usiku, amwachie nani mtoto wake? Kule mlimani angemwachia nyanya wa jirani. Hapa jirani yake ni mpangaji aliyekuja juzi, naye pia yu kazini.

Basi mtaa umepungukiwa na kile ambacho mlima ulikuwa nacho, yaani watu wa kulea pamoja. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mwenye kutaka kutusaidia na atusaidie kuupata mkono wa pili. Lakini wengi waliotujia wameukata hata ule mmoja.

Hapa yatupasa kuwasema wageni wetu, na twawasema kwa heshima. Mji wetu hupitiwa na wasafiri waendao Serengeti, na Ngorongoro, na mlima Kilimanjaro. Wengi ni watu wema. Wakiona mtoto mwenye viatu vilivyotoboka huona huruma, na huruma si kosa. Lakini imezuka desturi ya kuwapeleka kutazama watoto kama wanavyopelekwa kutazama tembo. Wengine hukaa wiki mbili au tatu, hubeba watoto mgongoni, huwafundisha nyimbo, kisha huondoka wakilia. Na wiki ifuatayo huja wengine. Mtoto mdogo ajifunza nini hapo? Ajifunza kwamba kila ampendaye huondoka. Sisi walimu twawaona watoto hao darasani: humkumbatia mtu wasiyemjua mara moja, wala hawamwamini mtu ye yote kwa siri zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ni methali yetu. Lakini tuulize ni mwenyeji yupi anayepona hapa. Na pale ambapo fedha huja kwa hesabu ya vichwa vya watoto, mwenye nyumba atapata wapi moyo wa kumrudisha mtoto kwa bibi yake? Kila mtoto arudiye nyumbani ni hasara kwake. Hatusemi kwamba kila mwenye nyumba ana tamaa. Twasema kwamba mpango wenyewe humvuta hata mtu mwema upande usiofaa.

Najua, wasomaji, mtatujibu. Nasi twataka kuyajibu maneno yenu moja moja.

Wa kwanza atasema, “Wako watoto wachanga waliotupwa, hawana mtu. Je, wafe?” La, wasife. Nyumba za namna hiyo zinahitajiwa, nasi twawashukuru wanaokesha na watoto wasio wao. Lakini hata mtoto huyo nyumba iwe kwake njia, isiwe kikomo. Sheria yetu yakubali malezi ya kambo, na yakubali kuasili mtoto. Mtoto mmoja katika nyumba ya mama mmoja, hata kama mama huyo si aliyemzaa, ni bora kuliko watoto 40 wenye walezi wanaopokezana zamu kama walinzi. Umoja wa Mataifa ulikata shauri hilo hilo mwaka 2009 ulipotoa miongozo yake juu ya malezi mbadala: kwanza jamaa, kisha nyumba ya malezi ya kambo, na nyumba kubwa ya watoto iwe ya mwisho kabisa.

Wa pili atasema, “Nyumbani kwenyewe ndiko wanakoumizwa.” Neno hili ni zito, nasi hatulifichi. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendwa vibaya kwa jinsia kabla ya kufika miaka 18; na karibu robo tatu ya watoto wote, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa mwilini, na jamaa zao na walimu pia. Twaandika “walimu pia” kwa haya, lakini twaandika. Mtoto aliyemo hatarini sharti atolewe upesi, na sheria yaruhusu. Lakini tazameni: ukuta mrefu hauzuii ubaya, bali huuficha. Mtoto anayeonewa chumbani kwao huenda akasikiwa na mpangaji wa chumba cha pili. Mtoto anayeonewa nyuma ya geti asikiwe na nani? Dawa ya ubaya wa nyumbani ni macho mengi ya mtaani, na mtu wa kupelekewa habari ambaye hatacheka wala hatachukua hongo. Ndiyo maana kulianzishwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto katika mitaa na kata, kwa mpango wa taifa ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Tuulizane kwa unyofu: kamati ya mtaa wako ilikaa lini? Wajumbe wake ni nani? Msomaji asiyeweza kujibu asiwalaumu wageni bado.

Wa tatu atasema, “Mkiwapa fedha wazazi, watainywa pombe.” Neno hili husemwa sana na watu walioshiba. Lakini limekwisha kupimwa. Tangu mwaka 2010 TASAF walijaribu katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuwapa watu maskini ruzuku kidogo, kwa sharti la kupeleka watoto shule na zahanati. Walipochungua, walikuta afya imetengenea, na watu wamenunua kuku na mbuzi. Kwa ajili hiyo mpango wa kunusuru kaya maskini ulienezwa nchi nzima, na wengi waliopokea fedha mikononi walikuwa wanawake. Walevi wako, kama walivyoko walevi miongoni mwa wenye mishahara. Lakini hatujasikia mtu akisema mishahara yote izuiwe kwa sababu yao.

Wa nne atasema, “Hayo ni ndoto, hayawezekani Afrika.” Tumwonyeshe Rwanda, nchi ambayo mapatano yake ya amani yalitiwa sahihi katika mji wetu huu, Agosti 1993. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 ilikuwa na mayatima wengi mno. Mwaka 2012 ilihesabu watoto 3,323 katika nyumba 33, ikaazimu kuwarudisha katika jamaa, zao wenyewe au za kambo; na wengi wakarudi. Kenya nayo ilisimamisha kuandikisha nyumba mpya za watoto mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mpango wa miaka 10 wa kuelekea malezi ya jamaa. Jirani zetu wawili wamekwisha kuanza safari. Sisi twangoja nini?

Basi twapendekeza nini? Maana kulaumu peke yake ni kazi nyepesi.

Kwanza, shule zifunguliwe alasiri. Ada iliondolewa toka mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita, nasi twashukuru. Lakini masomo yakiisha, geti hufungwa, na uwanja hukaa mtupu huku watoto wakicheza kando ya mto Naura na barabarani kati ya bodaboda. Uwanja upo, madarasa yapo, hata walimu wako. Saa mbili za michezo, na kusoma, na kazi za mikono, chini ya mwalimu na wazazi wawili wa zamu, zingewatoa watoto wengi stendi na majalalani. Mji wetu umepewa uwanja mkubwa wa mpira huko Olmoti kwa ajili ya mashindano ya Afrika ya mwaka 2027. Vema, twaufurahia. Lakini mchezaji hazaliwi uwanjani humo. Hutoka mtaani, na mtaani ndiko ambako viwanja vyauzwa.

Pili, mitaa iwe na mahali pa kuwaachia watoto wadogo mama zao wawapo kazini. Serikali ilitoa programu ya malezi ya awali mwaka 2021, nayo yataja vituo vya kijamii. Chumba kimoja, akina mama wawili waliofundishwa, uji wa asubuhi. Nyumba ya watoto ikitaka kubadili kazi yake, hii ndiyo kazi: geti lifunguliwe, vitanda viondolewe, mtoto aje asubuhi na jioni arudi kwao.

Tatu, vijana wasisahauliwe. Watu humhurumia mtoto wa miaka 5, lakini akifika 15 humwita mwizi. Kijana wa kiume apelekwe ufundi kabla stendi haijamfundisha ufundi wake. Binti aliyezaa, ambaye tangu Novemba 2021 ameruhusiwa kurudi shuleni, arudi kweli. Asizuiwe na macho ya walimu baada ya mlango kufunguliwa na serikali. Na mama zao wapewe haki yao katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iliyowekwa na sheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, wapewe bila kuzungushwa.

Nne, mfadhili aulizwe swali moja kabla ya kupokelewa: “Fedha yako itamkuta mtoto kwao, au itamtoa kwao?” Akisema itamkuta kwao, apewe kiti. Akisema itamtoa, aonyeshwe njia ya ofisi ya ustawi wa jamii, akaeleze sababu.

Labda mtu atasema kwamba sisi ni maskini, hatuwezi kuanza bila wageni. Na akumbuke mwaka 1951. Watu wapata 3,000 wa Meru walifukuzwa Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili nchi yao wapewe walowezi. Wameru hawakukaa wakilia tu. Walichanga fedha yao wenyewe, shilingi juu ya shilingi, wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York mwaka 1952, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuitetea ardhi yao. Watu waliotoka kunyang'anywa walichanga nauli ya kuvuka bahari. Wajukuu wao na jirani zao hawawezi kuchanga uji wa watoto wa mtaa mmoja?

Tazameni pia mifereji ya mlimani. Toka zamani watu wa Meru waliteremsha maji mashambani kwa mifereji waliyoichimba kwa jembe, na kila aliyekunywa alikwenda kuisafisha siku ya zamu. Hakuna aliyesema, “Maji yangu yatosha, mfereji wa chini si shauri langu.” Maana alijua kwamba mfereji ukizibwa juu, chini watu watakosa, na ukibomoka chini, juu nako mashamba yataoza kwa maji. Watoto wa mtaa ni hivyo hivyo. Mtoto wa jirani aliyekosa mlezi leo, kesho ndiye atakayeruka ukuta wako.

Yule mwanafunzi wetu alirudi kwa bibi yake. Haikuwa kazi ya siku moja: ofisa ustawi wa jamii alikuja mara tatu, mwenyekiti wa mtaa akaandika barua, na wauza mboga wenzake bibi wakakubali kutoa kidogo kidogo kila wiki katika kikundi chao kwa mchango wa chakula. Hana tena godoro jipya. Viatu vile vimekwisha kumbana. Lakini saa ya chakula hukaa na wenzake, na mgeni akimwuliza, “Kwenu ni wapi?” hujibu kwa sauti.

Tumesema yetu. Anayeona tumekosea na atujibu, nasi tutamsikiliza. Ila kabla hajashika kalamu, twamsihi aende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa wake, amwulize watoto wa mtaa ni wangapi, na wangapi kati yao hawali mchana. Akirudi na jibu, ndipo tubishane.